Samaki wa Birika: Maji ya Kisima katika Nyumba za Mawe za Lamu

Birika la nyumba ya mawe ya Lamu ni tangi lililojengwa kwa mawe ya matumbawe kwenye pembe ya choo, likapigwa lipu ya chokaa mpaka likawa laini kama ganda la yai. Katika nyumba za karne ya 18 na ya 19 humo ndimo yalimowekwa maji ya kisima ya kuoga, ya kuchamba na ya kutawadha. Ya kunywa yalikaa mbali, ndani ya mitungi ya udongo. Ndani ya birika waliishi samaki wadogo wasiozidi urefu wa kidole, waliotiwa makusudi ili wale viluwiluwi vya mbu. Kwenye sakafu ya birika fundi alijengea bakuli la kauri la Kichina, mdomo wake ukiwa sawasawa na sakafu. Birika lilipokaushwa ili lisafishwe, bakuli lilibaki na maji, na samaki wakajikusanya humo hadi maji mapya yatiwe.

Historia ya samaki wa nyumbani kwa kawaida husimuliwa kuanzia kwenye vioo vya Ulaya. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington wa London alieleza jinsi samaki na mimea ya majini wanavyotegemeana ndani ya chombo kimoja. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akachapisha kitabu chake kuhusu matangi hayo. Samaki wa kioo aliwekwa atazamwe. Samaki wa birika la Lamu aliwekwa afanye kazi, gizani, ndani ya maji yaleyale ambayo watu wa nyumba waliyatumia kila siku. Kwa hiyo habari zake haziwezi kutenganishwa na habari za kisima, za chokaa na za ibada.

Kisiwa cha Lamu hakina mto. Maji yake matamu ni ya mvua iliyozama mchangani na kukaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya ardhi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Mwishoni mwa karne ya 19 Mholanzi Badon Ghijben, na baada yake Mjerumani Herzberg mwaka 1901, walionyesha hesabu ya jambo hilo: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Kwenye kisiwa kidogo akiba hiyo hupungua unene kila inapokaribia ufuo. Hazina kubwa ya Lamu imo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo hunywa mvua upesi kabla jua halijaikausha. Kisima kikichimbwa kwenda chini mno hukutana na chumvi, na kikivutwa kwa nguvu chumvi hupanda yenyewe. Ndoo na kamba huchota taratibu, na maji hupata wasaa wa kurudi. Pampu ya injini haitoi wasaa huo, na visima vingi vya pwani vimeharibika kwa sababu hiyo.

Ng'ambo ya mlango wa bahari, katika kisiwa cha Manda, yamo magofu ya Takwa, mji ulioachwa mnamo karne ya 17. Msikiti wake bado umesimama, pamoja na kisima chake na birika la kutawadhia. Masimulizi ya wenyeji yanasema kwamba maji yaliingia chumvi, watu wakavuka na kuhamia Shela. Wazawa wa Shela wameendelea kurudi Takwa kuomba mvua, na mtu anayejua jinsi maji ya visiwa hivi yanavyokaa ardhini ataona kwamba dua hiyo inagusa mahali penyewe: mvua ikikosekana, kisima hakina chanzo kingine.

Uchimbaji wa visima katika miji ya Waswahili ni wa kale kuliko nyumba zozote zilizosimama leo. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchimbuzi ulioongozwa na Mark Horton miaka ya 1980 ulifunua mji uliokuwa na kisima katikati yake na misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine tangu karne ya 8. Huko Gede, ambako James Kirkman alichimbua kuanzia mwaka 1948, msikiti mkuu una kisima na birika lake la kutawadhia. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba kwenye milango ya misikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili vyenye kina cha dhiraa moja au mbili, na maji yalichotwa kwa chombo cha mti kilichofungwa kwenye kijiti cha urefu wa dhiraa. Mtu aliosha miguu, akaifuta kwenye jamvi gumu, kisha akaingia. Safari hiyohiyo ilimfikisha Kilwa kwa Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ambaye jumba lake la Husuni Kubwa lilikuwa na bwawa la kuogelea lenye pembe nane, likitazama bahari.

Chombo alichokiona Ibn Battuta ni ndugu wa kata, yaani kifuu cha nazi kilichotiwa mpini mrefu, ambacho kimedumu katika nyumba za pwani hadi zama za plastiki. Kata ilikuwa na sababu ya kisheria. Waislamu wa pwani hii kwa wingi ni wa madhehebu ya Shafii, na katika fikihi yao maji machache, yaliyo chini ya kulla mbili, hunajisika mara yaingiwapo na najisi, hata kama hayakubadilika. Maji ya kulla mbili au zaidi, ambayo kwa hesabu nyingi za leo ni kama lita 200, hayanajisiki mpaka rangi, ladha au harufu yake igeuke. Birika kubwa lililojaa huvuka kiasi hicho. Likipungua huanguka chini yake. Kuteka kwa kata na kujimiminia pembeni kulilinda maji yaliyobaki, yasiguswe na mikono wala kurudiwa na maji yaliyokwisha kutumika.

Je, samaki? Hapa fikihi ilikuwa imetangulia kutoa nafasi. Samaki ni twahara akiwa hai, na hata akifa maiti yake si najisi, kwa hiyo samaki aliyekufa usiku hakulazimisha birika zima limwagwe. Kinyesi chake ndicho chenye hukumu nzito zaidi, lakini vitabu vya Kishafii husamehe kinyesi cha samaki majini maadamu hakijayabadilisha maji, na maadamu samaki hakutiwa humo kwa mchezo tu. Sharti hilo la mwisho lastahili kuangaliwa vizuri. Linamruhusu samaki mwenye manufaa na kumtilia shaka samaki wa mapambo. Samaki wa birika, ambaye kazi yake ilikuwa kuondoa viluwiluwi, aliingia chooni kwa ruhusa.

Ujenzi wa birika ulianza baharini na msituni. Matumbawe yalipangwa juu ya tanuri la magogo na kuchomwa mpaka yakawa chokaa. Chokaa ikaachwa nje ipigwe na mvua na kupoa, kisha ikachanganywa na mchanga na kupakwa tabaka juu ya tabaka. Chokaa mbichi ni sumu kwa samaki. Maji yanayoigusa hupanda pH hadi 12 au karibu na hapo, na hakuna samaki anayestahimili hali hiyo. Hewa huigeuza chokaa polepole iwe tena jiwe lilelile la matumbawe. Birika jipya kwa hiyo halina budi kujazwa na kumwagwa mara nyingi kabla ya kupokea kiumbe hai. Birika kuukuu halina tabu hiyo: kuta zake ni za madini yaleyale ambayo maji ya kisima yamekwisha kuyabeba kutoka ardhini.

Kazi ya kulijaza ilikuwa nzito, na haikufanywa na wenye nyumba. Katika nyumba za waungwana wa Lamu waliochota, waliobeba na waliosafisha walikuwa watumwa, hadi utumwa ulipofutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Familia nyingi zilikaa ghorofani, na kila ndoo iliyomwagwa birikani ilikuwa imepandishwa ngazi. Anayesifia ustadi wa vyoo hivyo, na unastahili sifa, hana budi kuitaja mikono hiyo.

Siku ya kusafisha, maji ya zamani yalitekwa kwa kata hadi yakabaki ya kiasi cha kifundo cha mguu. Uchafu wa chini, yaani vumbi la chokaa, majani na kinyesi cha samaki, ulikuwa umeshuka na kukusanyika. Kadiri maji yalivyopungua samaki waliteremka nayo, na mwisho pakabaki duara moja tu la maji sakafuni, ndani ya kauri ya buluu na nyeupe. Kuta zilisuguliwa, sakafu ikafutwa, kisha maji mapya yakamiminwa. Maji ya bakulini yalikuwa machache kulinganisha na yaliyomiminwa, lakini yaliwaokoa samaki wote, na bila wao birika lingelazimika kutafutiwa wengine kila lisafishwapo. Bakuli liliwafaa watu pia, kwani kata iliweza kuteka tone la mwisho ambalo sakafu tambarare ingelitawanya. Kauri ya aina hiyo ilipamba pia kuta za vyumba, vibla vya misikiti na nguzo za makaburi ya pwani, na kuiona imezikwa ndani ya choo ni dalili ya heshima iliyopewa maji.

Maji ya kisima cha pwani yanafaa samaki wadogo kuliko inavyodhaniwa, na sababu zake zinaeleweka. Maji yaliyopita katika matumbawe na mchanga wenye makombe huyeyusha kalisi na kuwa maji magumu, yenye pH juu kidogo ya 7. Ugumu huo huyafanya yasibadilike ghafla, nayo mabadiliko ya ghafla huua samaki wengi kuliko hali yenyewe. Joto nalo ni karibu sawa. Maji ya ardhini hushika wastani wa joto la mwaka mahali pake. Kisima cha Ulaya ya kaskazini hutoa maji ya nyuzi 10 hivi, ambayo humshtua samaki wa nchi za joto, ilhali kisima cha Lamu hutoa maji ya nyuzi 26 au 27, kama yalivyo ya birikani. Kasoro yake kubwa ni hewa. Maji yatokayo ardhini huwa na oksijeni kidogo na kaboni dioksidi nyingi, na samaki akitiwa humo papo hapo huja juu kutweta. Lakini maji ya Lamu yalivutwa kwa ndoo, yakamwagwa ndani ya chombo kingine, yakabebwa yakitikisika, yakamiminwa kutoka juu. Yalifika birikani yakiwa yamechanganyika na hewa njia nzima.

Ipo hatari nyingine ambayo birika liliikwepa kwa namna lilivyotumiwa. Samaki hutoa amonia, na kadiri pH ya maji inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika umbo lake lenye sumu. Tangi la maji magumu lililojaa samaki wanaolishwa sana huharibika upesi. Samaki wa birika walikuwa wachache, hawakulishwa ila na mbu waliotaga juu ya maji, na kila siku maji yalipunguzwa kwa kuogwa na kujazwa upya. Kubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara ndiyo kanuni ya kwanza anayofundishwa mfugaji wa samaki wa leo. Choo cha Lamu kiliitimiza bila yeyote kuikumbuka. Giza la chumba nalo lilizuia ukijani kuota kutani.

Mbu wenyewe walipata jina baya kisayansi baadaye sana. Mwaka 1856 Richard Burton, katika kitabu chake kuhusu safari ya nchi za Wasomali, aliandika kwamba watu wa huko husema kuumwa na mbu huleta homa kali, naye akaiita imani hiyo ushirikina. Miaka 41 ilipita kabla Ronald Ross hajaona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu huko Secunderabad, India, tarehe 20 Agosti 1897. Mabakuli ya Kichina yalikuwa yamekwisha kujengewa sakafuni mwa mabirika ya Lamu. Wenye nyumba walitaka maji yasiyo na wadudu na usiku usio na mbu, na hiyo ilikuwa sababu tosha.

Baada ya Ross, dola za kikoloni ziligundua upya kazi ya samaki. Kutoka visiwa vya Karibi walichukuliwa gapi, samaki wadogo waliopewa jina la Robert John Lechmere Guppy, aliyepeleka sampuli zao London kutoka Trinidad miaka ya 1860. Kule Barbados walisifiwa kwa kula viluwiluwi, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakaanza kupelekwa katika makoloni mengine. Kutoka kusini mwa Marekani walichukuliwa gambusia, waliofikishwa Hawaii mwaka 1905 na Uhispania mwaka 1921. Magharibi mwa Bahari ya Hindi, samaki mdogo wa Shelisheli, Pachypanchax playfairii, alihamishiwa Zanzibar. Jina lake linamkumbusha Robert Lambert Playfair, balozi mdogo wa Uingereza huko Zanzibar, aliyeandika pamoja na Albert Günther kitabu cha samaki wa Zanzibar kilichotoka mwaka 1866. Unguja yenyewe ilikuwa na samaki wake wa asili wa madimbwi, Nothobranchius guentheri, ambaye mayai yake husubiri ndani ya tope kavu mpaka mvua irudi.

Uhamishaji huo ulileta hasara ambayo birika halikuwahi kuileta. Gambusia aliyeachiwa mtoni au bwawani hula mayai na watoto wa samaki wa asili, na nchi nyingi sasa zinajuta. Samaki wa birika alifungiwa kati ya kuta nne. Njia nyingine ya maofisa wa afya ilikuwa kumwaga mafuta ya taa juu ya maji ili viluwiluwi vikose hewa. Mafuta huua viluwiluwi kweli, lakini hakuna anayeweza kutawadhia maji yaliyotanda mafuta.

Kisima chenyewe kilikuwa kimeanza kupoteza sifa. Kipindupindu kilichoshika Zanzibar mwaka 1869 na 1870, ambacho daktari James Christie alikieleza katika kitabu chake cha mwaka 1876, kilionyesha hatari ya visima vya mji vilivyopakana na vyoo. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliwaletea watu wa Mji Mkongwe maji ya mfereji kutoka chemchemi za kaskazini mwa mji. Mombasa ilipata bomba refu la Mzima Springs miaka ya 1950. Lamu nayo ilivutiwa maji ya visima vya Shela kwa mabomba. Afya za watu zilinufaika, na haifai kuyalilia maji machafu kwa sababu tu ni ya kale.

Kwa samaki, hata hivyo, bomba lilikuwa jambo jingine. Klorini inayotiwa majini ili kuua vijidudu huunguza mashavu ya samaki hata ikiwa kidogo sana. Maji hayo yakiachwa wazi siku nzima au yakipigwa hewa, klorini huruka. Lakini birika linalofunguliwa bomba moja kwa moja huua walio ndani. Pamoja na bomba likaja pipa la plastiki, kisha tangi jeusi la darini, na vyoo vipya vikajengwa bila birika. Maji ya bomba yasipotoka, jambo la kawaida katika miji ya pwani, watu huweka akiba ndani ya ndoo, madumu na mapipa, na vyombo hivyo havina samaki.

Katikati ya mwaka 2004 Lamu ilikumbwa na homa ya chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika miaka ya 1952 na 1953. Upimaji wa damu uliofanywa kisiwani Oktoba 2004 ulikuta kwamba robo tatu ya watu waliopimwa walikuwa wameambukizwa. Kutoka pwani ya Kenya ugonjwa ulivuka hadi Komoro, kisha Réunion na India. Mbu anayeueneza mijini, Aedes aegypti, hupenda maji safi yaliyotulia ndani ya vyombo vya nyumbani, na watafiti waliuhusisha mlipuko huo na ukame na joto la miezi iliyotangulia: akiba za maji za nyumbani hazikubadilishwa mara kwa mara, na kiluwiluwi, anayehitaji siku saba hadi kumi tu kuwa mbu kwenye joto la pwani, alipata muda wa kutosha. Wataalamu wa mbu wamerudi kupendekeza samaki ndani ya matangi ya nyumbani, sambamba na vifuniko na usafishaji wa kila wiki.

Wanaofuga samaki kwa ajili ya kutazama katika miji ya pwani leo hukutana na maji yaleyale. Kisima kisicho na chumvi kinawafaa gapi na moli, na kinawafaa zaidi samaki wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, ambao maji yao ya asili ni ya alkali. Samaki wa mito ya Amazoni, waliozoea maji laini yenye asidi, hudhoofika humo isipokuwa kisima kichanganywe na maji ya mvua. Maji huachwa usiku kucha kwenye ndoo wazi, au hupigwa hewa kwa pampu ndogo, ili kaboni dioksidi itoke. Chumvi hupimwa tena kila kiangazi, kwa kuwa kisima kilichokuwa kitamu Mei chaweza kuwa kimegeuka Machi. Nitrati hupimwa pia popote shimo la choo lilipo karibu: haina rangi wala harufu, na kuchemsha hakuiondoi.